Usiku wa siku ya 19

Kwenye ule ua wa Temeke maji ya bomba yalikuwa yakitoka usiku tu, saa nane au saa tisa, na siku nyingine hayatoki kabisa. Wapangaji tulikuwa saba na bomba lilikuwa moja, kwa hiyo ndoo za kila mlango zilipangwa foleni tangu jioni. Usiku wa siku ya 19 baada ya kujifungua, mwezi wa nane mwaka 2009, nilitoka chumbani miguu mitupu, nikazipita zile ndoo, nikaenda moja kwa moja kwenye geti la mabati nikashika komeo. Mtoto nilikuwa nimemwacha kitandani analia.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida, ila niliongezewa njia nikashonwa. Kesho yake wakaturuhusu. Muuguzi alinieleza mambo yake taratibu: nikalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, mtoto anyonye tu mpaka afike miezi 6, asipewe hata maji, na nisikubali mtu anikande tumbo kwa maji ya moto. Nikaitikia yote. Lakini kukaa kwenyewe, kule kuteremsha makalio kwenye kiti, kulikuwa safari. Nilikuwa nashika ukingo wa meza, navuta pumzi, nashuka upande mmoja kwanza, halafu nangoja kuona kama ule mshono utaniruhusu kuushusha na wa pili.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka 2003. Mume wangu alipata zile siku 3 ambazo sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba, zikaisha kitovu cha mtoto hakijakauka, akarudi kazini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa na siku zangu 84. Ningezaa mapacha ningepewa 100. Nilizikata kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani, na kila nilipokata moja nilijiuliza, siku zikiisha mimi nitakuwa nani, maana huyu niliyekuwa naye chumbani sikumjua.

Wageni walikuja wengi, na walikuja na moyo mzuri. "Hongera mama, pole kwa uchungu." Walileta kanga, sabuni za mche, vifulana, kofia za sufu ambazo Dar es Salaam hazivaliki. Kila aliyeingia alinawa akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Kafanana na baba yake. Hapana, mtazame paji la uso, ni la mama yake. Nami nilikaa upande mmoja wa makalio, blauzi imelowa maziwa hadi tumboni, natabasamu. Kliniki nako hivyo hivyo: wanampima mtoto uzito, wanaweka nukta kwenye ule mchoro wa kadi, wananirudishia kadi. Mtoto alikuwa anapanda vizuri. Hapakuwa na mchoro wa kuonyesha mimi naelekea wapi.

Nilichokuwa nakificha ni hiki: nilimtazama yule mtoto kama ninavyomtazama mtoto wa mwenzangu niliyeachiwa nimshike kidogo wakati mama yake ameingia dukani. Nilimlinda, nilimnyonyesha, nilimbadilisha nepi. Nilingoja mwenyewe arudi amchukue.

Siku ya 12 mama mkwe akafika. Alitoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akavuka kwa kivuko, akapanda gari mpaka Tanga mjini, kisha basi mpaka Ubungo, na kikapu chake hakikuwahi kutoka mapajani. Ndani mlikuwa na nazi, pweza mkavu, pilipili manga, na mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha nailoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Pole, na hongera." Mume wangu tulimhamishia chumba cha mbele, mama akatandika mkeka wake sakafuni kando ya kitanda changu.

Nilimwogopa, niseme kweli. Niliyasikia sana ya wakwe na wake wa watoto wao waliojifungua. Asubuhi yake alichemsha maji akaniuliza kama nimekandwa. Nikamweleza alichonikataza muuguzi, huku nimejiandaa kwa ugomvi. Akanyamaza, akaweka mkono kwenye mvuke kupima moto.

"Basi tumbo tuliache. Mgongo nao wameukataza?"

"Hawakuutaja."

"Lete mgongo."

Akanikanda mgongo na mapaja na nyayo kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha akanipaka mafuta ya nazi. Sijaguswa hivyo tangu mama yangu afariki. Supu ya pweza alinipikia siku hiyo hiyo, na uji wa pilipili manga ambao ulinitoa jasho mpaka kwenye kope.

Ila kilichonimaliza ni zile kanga. Damu ya uzazi ilikuwa bado inatoka, na kanga nilizochafua nilizificha kwenye ndoo yenye mfuniko uvunguni mwa kitanda ili nizifue usiku, watu wamelala. Sisi tumefundwa kwamba jambo kama hilo mkwe halioni. Siku ya 14 nikaamka usingizini mchana, nikatazama dirishani, nikamwona mama amechuchumaa uani mbele ya beseni, mikono imezama hadi viwiko, maji yamekuwa mekundu. Alikuwa anaisugua kanga yangu kipande kwa kipande, anaimwaga, anaweka maji mengine, mpaka yakawa ya waridi, mpaka yakawa meupe. Kisha akaianika kwa kuipiga mkung'uto mkubwa. Nilirudi kitandani nikajifunika uso kwa aibu. Jioni nikataka kuomba radhi, akanikatiza: "Damu ya kukuletea mjukuu wangu, nani mwingine aifue?"

Siku ya 17 nikapatwa na baridi kali. Meno yanagongana, kichwa kinapasuka, nikasema ni malaria. Mama akanifunua kifua akaliona titi la kushoto: gumu, limewiva wekundu upande wa nje, lina joto kama chungu kilichotoka jikoni. Akatupeleka zahanati asubuhi ile ile. Muuguzi wa pale alinipima, nikaandikiwa dawa, akasema nisiache kunyonyesha, tena nianze na hilo hilo linalouma, maana maziwa yakibaki ndani ndiyo yanazidi kuharibu. Akamtazama mtoto anavyonyonya, akaingiza kidole chake taratibu pembeni ya mdomo akamtoa, akamrudisha upya. "Ashike na huo weusi, si chuchu peke yake. Amekuwa akikutafuna." Mama mkwe alikuwa ameinama karibu kuliko mimi, anaangalia. Tangu hapo usiku alikuwa anawasha kibatari kuhakikisha weusi umeingia mdomoni.

Lakini siku mbili za mwanzo za dawa maumivu hayakusikia dawa. Kila mtoto alipovuta, ilikuwa kama vipande vya chupa vinapita ndani ya titi. Nilikuwa nang'ata ncha ya kanga. Kulala nilikuwa nalala dakika 40, saa moja, nashtuka. Usiku wa siku ya 19 mtoto alianza kulia tangu isha. Tulimbeba kwa zamu. Saa nane mama akapitiwa na usingizi kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Nikamweka mtoto titini, akavuta mara moja, akaachia, akalia. Nikamrudisha. Akaachia. Nikamlaza katikati ya kitanda, nikamwekea mito pande zote mbili, vizuri kabisa, kwa utulivu ambao mpaka leo unanitisha. Nikatoka.

Nilisikia kandambili nyuma yangu kabla sijavuta komeo.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui, mama."

Alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa kanga. Hakunishika mkono, hakupaza sauti. Alifudikiza ndoo moja ya jirani akakaa, akanivutia nyingine. Ilinichukua muda kukaa, kwa sababu ya mshono. Alingoja.

Halafu akanisimulia.

Mume wangu alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera. Baba yake alikuwa mgambo, alipelekwa vitani, na hapakuwa na barua. Mama alikuwa na miaka 19, na mtoto wa wiki tatu ambaye alikuwa analia kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Mama yake mzazi alikuwa amemkalia siku chache akarudi kwake kuuguza. Alfajiri moja alimlaza mtoto kwenye mkeka, akarudishia mlango, akateremka mtoni. Palikuwa na mzee anayevusha watu kwa mtumbwi. Akamuuliza, unavuka? Akajibu, navuka. Akaingia akakaa.

"Nilikuwa nakwenda wapi, hata mimi sijui. Pangani mjini sikuwa na mtu. Nilitaka tu kuwa upande wa pili wa ile sauti."

Walipofika katikati ya mto, akasema, maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Hakuna aliyeyagusa. Yakachuruzika yakalowesha kanga, yakamwagika mapajani, na matiti yakauma kama yanavutwa kutoka nchi kavu. Akamwambia yule mzee ageuze. Mzee hakuuliza neno. Aligeuza mtumbwi, akamrudisha Bweni, na nauli akaikataa.

Nikamuuliza kilichokuwa kimenikaa kooni siku zote zile. "Kwa hiyo ulirudi kwa sababu ulikuwa unampenda."

"Hapana, mwanangu. Ni maziwa yaliyonirudisha. Kupenda kulikuja baadaye. Alikuwa ameshaanza kuota meno."

Alilisema jambo hilo kama anayesema bei ya sukari. Nami nikalia kilio ambacho sikuwahi kukilia tangu nizae, cha kutikisika mabega, pale juu ya ndoo. Wanawake wangapi walikuwa wamekaa kitandani kwangu wiki tatu zile, wenye watoto wanne, watano, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kupenda kunaweza kuchelewa njiani! Wote walisema kwamba ukimwona tu mtoto uchungu wote unausahau. Mimi sikuusahau, basi nikaamua mimi si mama.

(Hili la mtoni naliandika kwa sababu mama alimsimulia mwanawe mwenyewe miaka kadhaa kabla hajafariki. Vinginevyo ningelibeba.)

Baadaye sana nilisoma kuhusu sonona baada ya kujifungua, kwamba machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, lakini yakipita wiki mbili na mtu hapati nafuu, aende akaonwe, kwa kuwa ina matibabu. Nashukuru yapo maelezo hayo. Kwangu mambo yalianza kulegea taratibu kuanzia usiku ule, titi likapoa, usingizi ukarudi. Kama yasingelegea, sijui ningeanzia wapi, maana hata neno lenyewe sikuwa nalo.

Bomba likakoroma. Kwanza upepo, halafu kutu, halafu maji. Mama akanipa mtoto, akainuka kukinga. Mtoto akageuza uso, akatafuta, akashika na weusi wote. Iliuma. Nilimwacha anyonye pale pale nje, maji yanajaa kwenye ndoo moja baada ya nyingine, zetu na za majirani, kwa sababu mama hakuwa na habari ya ndoo ya nani.

"Kalale," akaniambia alipomaliza. "Leo usiku nimeuchukua mimi."

Nililala mpaka jua likaingia dirishani. Nilichoamshwa nacho ni sauti yake uani, anamwita mwanawe, tena kwa jina lake lote. Nikachungulia. Mbele yake lilikuwapo beseni lenye kanga zangu za usiku. Wanawake wa ua walikuwa wamekaa kwenye vizingiti vyao wakichambua mchele, na wote walikuwa wameacha kuchambua.

"Unaona hii?" mama akamwambia. "Kuanzia leo, kabla hujaenda kazini."

Mume wangu alilitazama lile beseni. Alimtazama mama yake. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akakunja mikono ya shati mikunjo mitatu, akachuchumaa.