Macho ya vifungo, na filamu mbili za usiku wa Halloween

Mwaka jana, usiku wa Halloween, sikukuu ya kutishana huku Marekani, mwanangu wa miaka minane aliniita kitandani kwake, akataka niinamie karibu na taa, akanitazama machoni kwa muda mrefu ndipo akakubali nimfunike shuka. Alifanya hivyo siku sita mfululizo. Nilikuwa nimemwekea Coraline, filamu ya vikaragosi ya mwaka 2009. Ndani yake msichana anapita kwenye kijilango ukutani na kumkuta mama mwingine, mchangamfu, hodari wa kupika, ila mahali pa macho ana vifungo vya nguo. Mimi niliona tu alama ya PG, ile inayomtaka mzazi aangalie kama inamfaa mtoto, nikasema katuni hiyo, nikaenda zangu jikoni.

Baadaye nilikaa nikazisoma alama hizo. R maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. PG-13, onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13, iliongezwa mwaka 1984, wazazi walipolalamika kwamba PG imebeba mambo mazito mno. Wanaozitoa huangalia damu, matusi, utupu na kadhalika. Mwanangu damu haimshughulishi; tulipokwenda nyumbani Pemba alisimama pembeni kuku akichinjwa na hakutikisika. Kinachomtisha ni mama kubadilika akawa si mama, na hilo nilitakiwa kulijua mimi.

Tunaishi karibu na Pittsburgh, Pennsylvania. Oktoba ikiingia, mtaa mzima hujaa maboga yaliyochongwa nyuso na mifupa ya plastiki, na watoto skuli hawana mazungumzo mengine. Sisi hatuvai vinyago wala hatugongi milango ya watu. Tunaweka bakuli la pipi mlangoni, tunakaa ndani na filamu. Ndiyo sehemu yetu ya usiku ule, kwa hiyo nilitaka safari hii tuipate sawasawa.

Wiki mbili kabla, nilimuuliza kila mtu peke yake: kitu gani kinakutisha? Mdogo alijibu, "Macho." Binti yangu wa miaka 16 alifikiri kwanza, kisha akasema ni kuwa mgeni katika nyumba ya watu wanaomchekea na huku hawamtaki. Mama yangu, ambaye anakaa nasi, alisema yeye hatazami mashetani kwa starehe. Mwaka 1995 alikuwa Pemba wakati wa Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, watu walipolala nje makundi kwa makundi kwa kuogopa vyumba vyao wenyewe. "Mwanangu, hofu ile sikuikatia tiketi."

Basi nikapanga filamu mbili, na zote nikazitazama mwenyewe kwanza, mpaka mwisho.

Ya saa kumi na mbili jioni ilikuwa The Nightmare Before Christmas ya mwaka 1993. Mwongozaji wake ni Henry Selick, yule yule wa Coraline, na kwa hilo nilisita. Lakini Jack, mfalme wa maboga, hana hila. Anaharibu mambo kwa kupenda kitu asichokielewa. Ni ya dakika 76 tu. Mwanangu alitaka kujua wale vikaragosi wanatembeaje, nikamweleza kwamba watu waliwasogeza kwa mikono, kidogo kidogo, picha 24 kwa kila sekunde. Akaenda kulala akijaribu hayo kwa vidole vyake. Macho yangu hakuyakagua.

Saa tatu tukaweka Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ya kijana Mweusi anayekwenda kuwajua wazazi Wazungu wa mpenzi wake. Ina alama ya R, kwa hiyo nilikaa nao mwanzo hadi mwisho, binti yangu na rafiki zake wawili, ambao mama zao nilishawapigia simu. Wimbo wa mwanzo ulipoanza, Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo anasema Kiswahili?" Wimbo wenyewe unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na unamwonya ndugu akimbie. Mama akasema sisi tungesema wasikilize wahenga. Nilipomwambia kwamba kijana anayeigiza, Daniel Kaluuya, wazazi wake ni wa Uganda, akavuta kiti. Hakuondoka tena, hata pale mama mkwe anapomlaza yule kijana kwa kukoroga kijiko kwenye kikombe cha chai.

Ambaye hajaiona aishie hapa. Karibu na mwisho yule kijana, Chris, yuko barabarani usiku, ana damu, msichana Mzungu amelala chini, na taa za buluu na nyekundu, kama za polisi, zinatokea. Wale wasichana watatu walishika vinywa vyao. Kumbe ni rafiki yake, amekuja kumchukua. Niliwaambia kwamba Peele alipiga picha za mwisho mwingine, Chris akiishia jela, kisha akaubadilisha. Wakabishana karibu saa nzima. Binti yangu alitaka ule wa jela, kwa kuwa ndio wa kweli. Mwenzake akasema ya kweli anayaona kila siku kwenye simu. Nikawasimulia Night of the Living Dead ya mwaka 1968, iliyopigwa picha makaburini Evans City, kaskazini mwa hapa kwetu: Duane Jones, mtu Mweusi, ananusurika usiku kucha na maiti wanaotembea, na asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuwasafisha maiti hao.

Walinyamaza. Mama akasema, "Basi huyu wa leo mwacheni arudi kwao," akaenda kuleta chai. Vikombe vikapita mkono kwa mkono, sukari ikatiwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukoroga.