Fomula mpya ya shampuu ya bei kali kwenye nywele zilizoungua

Kama nywele zako zimepitia blichi au dawa, halafu ile shampuu yako ya bei kali uliyoizoea ghafla inakuja imeandikwa "fomula mpya", usikimbilie kuipenda wala kuisusa, geuza chupa kwanza usome nyuma. Mimi nilizishika zote mbili nikalinganisha. Ya zamani, baada tu ya maji inakuja salfeti, yaani kisafishaji kikali, chini yake dimethicone, ambayo ni silikoni. Kwenye mpya vyote hivyo havipo, wameweka sodium cocoyl isethionate na cocamidopropyl betaine, visafishaji vya upole zaidi. Na keratini, ile protini ya nywele, wanayoitangaza kwa herufi kubwa mbele ya chupa iko mkiani kabisa karibu na manukato, na viambato kwa kawaida vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo hapo ujue ni ya kuonjeshwa tu.

Haya, nikaosha. Povu zito, laini kama krimu, ngozi ya kichwa haikukauka wala kuwasha, hapo naipa alama zote. Shida ni kwenye ncha jamani. Wakati nasuuza vidole vinakwama, nywele zinasuguana mpaka unazisikia, na kichana cha meno mapana kikatoka na vipande vifupi vifupi, yaani sio nywele zilizong'oka na mzizi wake, hizi zimekatika katikati.

Sababu ipo. Blichi inaondoa ule utando wa mafuta wa asili juu ya unywele, magamba yanabaki yamenyanyuka, na kwa ndani inavunja viungo vya salfa vinavyoushikilia usikatike. Silikoni ya zamani ilikuwa inafunika hayo yote. Haikutibu, na hakuna shampuu inayotibu maana unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujijenga upya, lakini kufunika nako ni kazi kubwa, nywele inayoteleza haikatiki ovyo. Ndio maana sikubaliani kabisa na wanaosema silikoni ni sumu kwa nywele, kwa nywele zilizochoka ni msaada.

Sasa hivi naipaka kwenye ngozi ya kichwa tu, povu linapita kwenye ncha wakati wa kusuuza, basi, sisugui urefu. Halafu kondishna yenye behentrimonium chloride au amodimethicone, hivi vina chaji chanya na sehemu zilizoharibika zina chaji hasi, kwa hiyo vinang'ang'ania palepale panapohitaji. Nachana kondishna ikiwa bado kichwani, kuanzia ncha kupanda juu, na vile vipande vimepungua sana.

Nywele zisizo na dawa wala rangi, chukua hii mpya bila kuwaza. Ila kama zako zimeungua na huna kondishna nzito, bora utafute chupa za zamani kabla hazijaisha.