"Shimo lipo tayari": jinsi tulivyopata eneo la dampo jipya

Kila halmashauri inayotafuta dampo ina mtu mmoja mwenye jibu mfukoni. Kwetu alikuwa diwani wa siku nyingi, na jibu lake lilikuwa machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji. "Shimo lipo tayari, ardhi ni yetu, hakuna wa kumlipa fidia. Mnatafuta nini tena?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi ni afisa mazingira wa halmashauri ya mji huku ukanda wa pwani, na kazi ya kuratibu mradi ilikuwa imeangukia mezani kwangu. Nikajua kuanzia siku ile kwamba lile shimo litanisumbua kuliko wanakijiji wowote.

Kwa kawaida mambo huenda hivi: wakubwa wanachagua eneo, kisha anaitwa mtaalamu mwelekezi aje "kufanya TAM", yaani tathmini ya athari kwa mazingira, ya eneo lililokwisha kuamuliwa. Tathmini inageuka muhuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili hiyo, na kanuni zake za tathmini za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinataka taarifa ionyeshe njia mbadala na sababu za kuziacha. Nilishika hapo. Halmashauri ndiyo yenye mradi, kwa hiyo haiwezi kujitathmini yenyewe. Lakini inaweza kuamua mtaalamu anaanza lini. Nikamwomba Mkurugenzi tumtafute mtaalamu aliyesajiliwa kabla eneo halijachaguliwa, na hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi yake, zitaje maeneo matatu, machimbo yakiwemo. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani aliona ni njia nzuri ya kutogombana na diwani.

Kabla ya ramani, tulihesabu taka. Hesabu yenyewe si ya siri. Chukua mji wa watu 100,000, kila mtu azalishe nusu kilo kwa siku: hizo ni tani 50 kila siku, zaidi ya tani 18,000 kwa mwaka. Zikishindiliwa hadi mita moja ya ujazo ibebe kama kilo 650, unahitaji nafasi ya mita za ujazo 28,000 kila mwaka, kabla hujaongeza udongo wa kufunikia na kabla mji haujakua. Panga miaka 20, rundo lipande wastani wa mita 10, na karibu hekta sita zinaliwa na taka peke yake. Bado barabara, mizani, bwawa la maji machafu na ukanda wa miti. Tulimwaga mifuko ya kaya kwenye turubai, tukachambua na kupima. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda, machicha, vifuu na mabaki ya chakula. Pampasi zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Na kulikuwa na kitu ambacho vitabu vya kigeni havikitaji sana, yaani mchanga. Watu wa pwani wanafagia uwanja kila asubuhi na mchanga wote unaingia kwenye pipa. Tunalipia dizeli kusafirisha mchanga!

Shimo la mheshimiwa halikutosha hata theluthi ya nafasi hiyo. Hilo halikumsumbua. "Tutaanza nalo, likijaa tutajua."

Hapo niliomba nafasi kwenye kikao cha madiwani nikawasimulia habari ya Dar es Salaam, kwa sababu wengi waliifahamu nusunusu. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi zaidi ya 700 wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Niliwauliza: waheshimiwa, "tutajua" maana yake ni kesi ya ngapi? Walicheka, ila walikubali tusubiri masika ndipo tuamue.

Masika ndiyo niliyoitaka. Maeneo yote matatu yalikuwa yamepita vipimo vya mezani: zaidi ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, kama kifungu cha 57 cha sheria kinavyotaka, mbali na uwanja wa ndege, maana wataalamu wa usafiri wa anga wanashauri kilomita 13 kwa sababu ya ndege wafuatao taka, na upande ambao kusi wala kaskazi haipelekei mji harufu. Moja liliondoka mapema kwa ubovu wa barabara. Yakabaki mawili, machimbo na kipande cha ardhi ya kijiji chenye udongo wa mfinyanzi, na tofauti yao isingeonekana kiangazi.

Chini ya machimbo kulikuwa na mtaa wenye visima vifupi. Mama mmoja pale anauza maji kwa ndoo. Tulipopita kujitambulisha, akaniuliza kama ni kweli tunataka kumwaga taka kule juu. Nikamwambia bado tunachunguza. "Basi chunguza hili, mwanangu," akasema. "Mvua zikijaza lile shimo, siku ya pili maji ya kisima changu yanabadilika rangi. Na shimo lenyewe linakauka huku mvua bado inanyesha." Nililiandika neno kwa neno kwenye daftari la ushirikishwaji. Baadhi ya wenzangu huandika "wananchi waliunga mkono mradi" wakafunga kitabu. Sentensi ya yule mama ilitupa kitu cha kupima.

Machimbo yale ni ya mawe ya chokaa ya matumbawe, yamejaa vitundu na mapango madogo. Tulichimba shimo dogo kwenye sakafu yake, tukalijaza maji, tukasimamisha fito lenye alama za sentimita. Kijana aliyeshika saa hakupata muda wa kuandika. Ilikuwa kumimina maji kwenye pakacha. Shimo kama hilo kwenye mfinyanzi tulilijaza jioni, na asubuhi alama ilikuwa imeshuka kidogo tu. Sampuli za udongo zilikwenda maabara kupimwa sawasawa, kwa sababu fito halitoshi mbele ya kamati: kiwango kinachotafutwa kwa tabaka la mfinyanzi chini ya dampo ni upenyaji wa mita moja kwa sekunde bilioni moja, ambazo ni zaidi ya miaka 30. Mvua kubwa zilipoanza tukapima kina cha maji, chumvi na tope kwenye visima vya ule mtaa. Ndoo nyeupe ya mama ilipigwa picha kila asubuhi ikiwa na kibao cha tarehe. Alichosema kilitokea, na siku ileile aliyoitaja.

Nilirudi kwa madiwani na picha zile na maji kwenye chupa mbili. Diwani wetu, namsifu kwa hili, aliuliza swali la maana kuliko yote: "Si mnatandika plastiki chini? Plastiki itazuia." Mhandisi akajibu kwamba karatasi hiyo ya plastiki ngumu huwa na unene wa milimita 1.5 au 2, na ukiitandika juu ya mawe yenye ncha inatoboka. Hata ikiwekwa vizuri haikosi kasoro za maungio, ndiyo maana inatakiwa kulala juu ya mfinyanzi. Tungehitaji kuleta mfinyanzi kwa malori hadi machimboni, tuushindilie hadi kwenye kuta. Akaonyesha jedwali lenye gharama kwenye safu ya mwisho. Ilizidi fidia yote ya eneo la pili. Visima viliwagusa, siwezi kukataa, ila kilichoua hoja ya shimo ni ile safu ya mwisho ya jedwali. Tangu hapo kila ripoti yangu ina safu hiyo.

Kijiji kilikuwa kibarua kingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kwa hiyo walikuwa na uwezo wa kutufukuza, na mkutano wa kwanza walikaribia. Mzee mmoja alisimama, akashika mkongojo wake, akasema taratibu: "Bwana Afisa, nyinyi mjini mle ndizi, sisi huku mtuletee maganda?" Sikuwa na jibu la jukwaani, na sikujaribu kulitunga. Nilimwambia, "Mzee wangu, swali lako ni la haki, na sina haraka." Tukaomba kila kitongoji kichague watu watutembeze.

Matembezi yale yalibadilisha mchoro. Walituonyesha kijito cha msimu ambacho ramani haikuwa nacho, njia ya watoto kwenda shule, na makaburi ya koo tatu chini ya miembe. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969 na mthamini angeweza kuyaweka kwenye orodha ya fidia. Tuliona heri tuhamishe mpaka. Dampo likasogea, likapoteza kipembe cha ardhi nzuri, na makaburi yakabaki na wenyewe. Kinamama tulikaa nao peke yao, barazani kwa mmoja wao, na mtoa maelezo alikuwa dada kutoka maendeleo ya jamii, mimi nikakaa pembeni nikiandika. Kwenye mkutano wa hadhara hawakuwa wamefungua mdomo. Barazani walizungumza hadi alasiri: nzi, malori karibu na shule, nani atalinda korosho zisiokotwe na vibarua wageni.

Baadaye kijiji kikachagua wajumbe wake, sisi hatukugusa orodha, tukaenda Dodoma kuona dampo la Chidaya, mojawapo ya yale yaliyojengwa kupitia mradi wa miji ya kimkakati kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Baada ya kutembezwa na wenyeji, nilikaa kwenye gari kusudi ili wazungumze na watu wa jirani bila mimi kusikiliza. Walirudi na masharti yaliyoandikwa kwa mkono: malori yafunikwe turubai, barabara isipite shuleni, bomba la maji lifike kabla ya taka, na kazi za ulinzi na upandaji miti ziwe za wanakijiji. Yote yaliingia kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, yakiwa na mhusika na gharama. Mkutano mkuu uliofuata ulipiga kura. Yule mzee alipiga ya hapana, na ni haki yake.

Kwenye fidia nilikuwa mkaidi. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, na uthamini usipolipwa ndani ya miaka miwili unakufa. Kila mtu huku anamjua mtu aliyehesabiwa mikorosho, akaambiwa asiiendeleze, akasubiri hadi akazeeka. Nilikataa mthamini aingie shambani kabla fedha hazijaonekana kwenye akaunti. Tulichelewa. Mkurugenzi alinipigia simu si mara moja, nami nikamjibu kwa adabu ileile.

Tukiwa tunaandika taarifa, tarehe 10 Agosti 2024, rundo la taka la Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, liliporomokea nyumba za jirani na kuua zaidi ya watu 30. Mhandisi alifungua upya michoro ya miteremko siku chache baadaye, akailaza zaidi, na ukanda usioruhusiwa kujengwa ukapanuliwa. Waokota chupa na vyuma chakavu wa jalala letu la zamani tulikuwa tumewahoji tayari, kwa kuwa dampo lenye uzio lingewakatia mkate wao. Sasa hoja ya kuwajengea jukwaa la kuchambulia taka kabla hazijamwagwa, mbali na mteremko, haikuwa na mpinzani hata mmoja.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilipitia taarifa pamoja na muhtasari wake wa Kiswahili. Muhtasari huo niliuhariri mwenyewe usiku, maana ule wa kwanza ulisomeka kama maelekezo ya dawa. Kamati ya wataalamu ilikuja kuliona eneo. Hawakutusumbua sana kuhusu mfinyanzi. Majibu ya maabara yalikuwa mbele yao. Walitubana kwenye kufunga: dampo likijaa, nani atalipia kufunika, kuchoma gesi itokayo kwenye taka na kupima visima miaka inayofuata? Tulirudi tukaandika sura hiyo upya, na kiasi kikatengwa kwenye kila tani itakayopita mizani.

Cheti kilitoka na masharti yake. Maji ya visima yalichukuliwa sampuli kabla lori la kwanza halijaingia, ili siku mtu akilalamika tuwe na cha kulinganisha; majibu yamebandikwa ofisi ya kijiji, kwa mtendaji. Bajeti ya kwanza ya uendeshaji ilikatwa fungu la dizeli ya kijiko na udongo wa kufunikia kila jioni. Nilipeleka nakala ya cheti kwenye kamati ya fedha, nimepiga mstari chini ya sharti linalohusika, fungu likarudishwa. La mwaka wa fedha unaoanza Julai bado tunalijadili.