Idd inakuja, okoteni nyuzi

Kumi la mwisho la Ramadhani, hapa kwangu Mji wa Kale, Mombasa, cherehani halipumziki. Madera, kanzu za watoto, mabuibui ya kupunguzwa pindo. Kila mtu anataka yake kabla ya mwezi kuandama. Na chini ya cherehani yuko Shombo, paka wangu wa mabaka ya manjano, akivizia kila ncha ya uzi inayoning'inia. Watu wakitaja hatari za paka wakati wa sikukuu, huwaza moto na mafuta ya kukaangia sambusa. Mimi naanza na uzi.

Mwache paka akulambe mkono utaelewa. Ulimi wake umejaa vimiba vidogo, vyote vimeelekea kooni. Uzi ukishanasa pale hawezi kuutema hata akitaka, atazidi kuumeza tu. Mara nyingi ncha moja hujizungusha chini ya ulimi au hukwama tumboni, huku utumbo ukiuvuta upande wa pili. Sisi mafundi twajua kinachotokea ukipitisha mshono wa kulegea kisha ukavuta uzi: kitambaa hujikusanya marinda. Utumbo wa paka nao hujikusanya vivyo hivyo, kisha ule uzi mwembamba ukaanza kuukata. Na kama uzi una sindano, balaa juu ya balaa.

Paka wa namna hii hutapika, hukataa chakula, hujikunyata pembeni. Mfungue kinywa umtazame chini ya ulimi. Ukiuona uzi, uwe umetokeza mdomoni au nyuma, tafadhali usiuvute. Mchukue hima kwa daktari wa mifugo, kwa maana huenda akahitaji kupasuliwa.

Kwa hivyo kwangu vibunda vya uzi vyalala ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko, na sindano zimechomwa kwenye kitambaa humo humo. Nikimaliza kushona, kabla sijaingia jikoni kuandaa futari, nafagia sakafu kisha naipitisha kitambaa chenye maji, maana fagio peke yake huacha nyuzi. Utepe wa zawadi na kamba za baluni za watoto nazo zina hatari ile ile.

Halafu kuna biriani. Wengi waamini kitunguu kikishakaangwa hakina madhara tena kwa paka. Si kweli. Kibichi, cha kukaanga au cha unga, kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na kitunguu saumu ndicho kikali zaidi. Dalili zaweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo kuwa mweusi, mnyama kukosa nguvu. Masala ya biriani yamejaa vitunguu, basi Shombo hagusi hata alie vipi. Namtolea nyama yake mapema, imechemshwa tupu, haina chumvi wala mfupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali, na wageni kwa huruma zao humrushia kutoka kwenye sinia. Naweka bakuli la kufunika la kutilia mifupa, na watoto ndio walinzi wake.

Mikoba ya wageni naitundika juu mimi mwenyewe, kwa sababu ya vidonge vya parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka. Ini lake haliwezi kuichakata dawa hiyo. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, akaanza kuhema. Kwa hiyo bibi akimwona paka ana homa, asimmegee hata robo. Piko ya mkesha wa Idd, ile rangi nyeusi ya kujipambia mikono, nayo isiachwe wazi, na vivyo hivyo mafuta ya karafuu, kwa kuwa vikimwagikia manyoya yake paka atavilamba.

Siku yenyewe watoto wa mtaa mzima huja kutaka mkono wa Idd, na mlango wa chini haufungiki. Paka akiogopa makelele atachomoka, na vichochoroni mwetu bodaboda hazipunguzi mwendo. Shombo hukaa chumba cha juu tangu tunaporudi kuswali: maji, chakula, beseni la mchanga, dirisha lenye wavu, na dera langu la zamani alilozoea kulalia. Shangazi yangu alinikumbusha ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka. Nikamwambia, “Shangazi, yule alimnyima chakula na maji mpaka akafa. Huyu anavyo vyote, na jioni atashuka.” Akapanda mwenyewe kuhakikisha.

Jambo jingine: maduka mengi ya dawa za mifugo hufunga Idd. Mpigie daktari wako sasa hivi, umuulize kama atakuwepo, na asipokuwepo, nani atashika nafasi yake. Iandike namba hiyo ukutani, si kwenye simu yako tu, ili hata atakayebaki nyumbani aipate.