Mbuzi wa Ziwa Chala

Mama hakutaka niende. "Maji yametutosha," aliniambia, akaendelea kuchambua mchicha bila kuniangalia. Mdogo wangu alizama akiwa na miaka 17, kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Hata hatujamzika, watu msibani walishaanza kunong'ona: shimo lile lina wenyewe, kila mwaka linataka mtu, na huyu kijana naye sijui alikosa nini. Hilo la "alikosa nini" ndilo lililonikaa rohoni. Mwaka wa sita huu. Tangu hapo nikisikia ziwa fulani limelaaniwa hunijia hamu ya kufika, niwasikie wenyewe wanaoishi nalo wanasemaje.

Kutoka Voi hadi Taveta ni kilomita 110 hivi, lami mwanzo mwisho. Unayapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, halafu nyika ya Tsavo Magharibi, vumbi jekundu na mibuyu. Karibu na Taveta dereva alinionyesha kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walipigwa na jeshi la Wajerumani wakarudi nyuma. Ni kilima kidogo mno ukifikiria watu walioachwa pale.

Mjini nikachukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa msemaji sana mpaka tulipoacha barabara kuu kuelekea ziwani, akapunguza mwendo.

"Dada, unaenda kuoga?"

"Hapana, kuangalia tu."

"Haya basi," akasema, akakanyaga gia.

Ziwa Chala hulioni mpaka ulifikie. Unapanda mteremko mkavu wa miba na mawe meusi, unaanza kudhani umepotezwa njia, mara ardhi inakatika mbele yako. Chini kabisa, ndani ya shimo la volkano lenye kuta zilizosimama wima, kuna maji ya buluu iliyokolea kiasi kwamba nilishindwa kuyatazama kwa muda mrefu. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4 na ushei tu, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita humo humo majini. Ng'ambo ni Rombo, na nyuma ya Rombo ni Kilimanjaro, siku hiyo imejifunika mawingu. Hakuna mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya mlima hunywewa na ardhi, ikapita chini kwa chini hadi ziwani, na maji ya ziwa nayo hupenya kwenye miamba yakaenda zake. Mtu asiyejua hayo akiliona ziwa limekaa vile, halina mlango, atauliza tu: haya maji yametoka wapi?

Wenyeji wana jibu la siku nyingi. Nilipewa na mzee mmoja aliyevua humo tangu ujana wake, tuliyemkuta ukingoni ameegemea fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha jiweni. Alisema pale palikuwa na kijiji cha Wamasai, watu wana ng'ombe wao, mbuzi wao, kuku wao. Siku moja ardhi ikafunguka, maji yakapanda, kijiji kikazama kizima kizima. Na watu wale hawakufa, ila wanaishi kule chini. Ukitulia utasikia ng'ombe wakilia na jogoo wakiwika.

Hadithi hii si ya kubuniwa juzi kwa ajili ya watalii. Mmisionari Mwingereza Charles New alipofika ziwani hapa mwaka 1871, mwaka ule ule alioupanda Kilimanjaro hadi penye theluji, hadithi hii ilikuwa tayari inasimuliwa.

"Sikiliza," mzee akaniambia.

Nikasikiliza. Upepo, basi. Kisha mbuzi akalia, na naapa sauti ilitoka chini, kule kwenye maji. Nywele zilinisimama. Nikageuka huku na huku, nikamwona mtoto mmoja mbali kidogo kwenye ukingo ule ule tuliokuwapo, anachunga mbuzi wasiozidi kumi. Lile shimo limezunguka kama chungu. Mbuzi analia juu, sauti inaanguka, inagonga ukuta wa pili na kurudi ikitokea miguuni pako. Mzee naye alimwona yule mtoto. Hakusema kitu, nami nikanyamaza.

Tuliteremka kwa kushikana mikono, mawe yakiporomoka mbele yetu. Pale majini nikaelewa kwa nini watu hufa humu bila kuhitaji jini lolote. Hakuna ufuo. Niliingiza mkono nikagusa jiwe, likaishia kwenye kiwiko, na baada ya hapo ni giza la buluu. Mzee alifunga kijiwe kwenye mshipi wake wa kuvulia, akaurusha hatua chache tu kutoka tuliposimama, akawa anauachia kwa kupima mikono. Alifika pima kumi na moja na jiwe bado linashuka. Anayeteleza hapa hana pa kukanyaga, na akitaka kutoka anakutana na ukuta wa mwamba usioshikika. Halafu kuna mamba. Machi 2002 msichana wa miaka 18 kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea usiku pamoja na wenzake. Maji yanayong'aa vile hayamwonyeshi mtu chochote.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa minong'ono kuhusu maziwa ya namna hii, kwamba hayarudishi mtu. Hilo nalifahamu kuliko nilivyopenda kulifahamu. Mwili wa aliyezama huinuliwa na hewa inayojaa ndani yake baada ya siku kadhaa. Ziwa likiwa na kina kikubwa, na Chala lina mita 90 hivi, uzito wa maji huibana hewa hiyo na mwili unaweza kubaki huko huko chini. Ndugu wanakaa ukingoni siku ya tatu, ya nne, ya saba. Mtu atawaambia nini watu wale? Mdogo wangu sisi tulimpata siku ya tatu. Sijui kama naweza kuita hiyo bahati, lakini Mama alimwosha uso.

Mwaka 2016 wanasayansi walileta mtambo juu ya maji haya wakatoboa tope la sakafuni, zaidi ya mita 200 kwenda chini. Lile tope limejipanga tabaka kwa tabaka, jeupe la msimu wa upepo na kiangazi, jeusi la msimu wa mvua, kurudi nyuma miaka kama 250,000. Nilimweleza mzee. Akauliza kama walikuta vyungu. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani aliyehama.

"Mwanangu," akasema, "watoto wetu ukiwaambia kuna mamba, watashuka kumtazama. Ukiwaambia kuna watu wasiolala, hawashuki."

Ndipo nikamuuliza nililolifuata. Kijiji kile kilikosa nini hata kikazamishwa?

Alinitazama sana. Nadhani alijua simuulizi kuhusu Wamasai. "Kilizama chote," akasema. "Wazee, wachanga, mpaka mbuzi. Sasa mbuzi alikosa nini?"

Nililia pale, sikuona haya. Mzee alijifanya anakunja mshipi wake, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena mpaka nikamaliza.

Jioni, Taveta, nikampigia Mama. Hakuniuliza uzuri wa mahali.

"Umeyagusa?"

"Nimeyagusa, Mama."

Akakaa kimya. Nilisikia redio ya jirani nyuma yake. Kisha akaniuliza nitapanda gari la saa ngapi, aniwekee chakula.