Nilivyomfungashia binti yangu mzigo wa kambi, na usiku nilioulala uani

Mama Tumaini alikuwa Morogoro kwenye semina ya wiki mbili, kwa hiyo kazi ya kumfungashia mtoto mzigo wa kambi iliniangukia mimi. Sikuona shida. Nimesoma bweni miaka sita, tranka nimelibeba kichwani tangu kidato cha kwanza. Nikajua hii ni kazi ya nusu saa, tena na taarifa ya habari naiangalia.

Kambi ilikuwa ya siku saba, likizo ya mwezi wa sita, huko Kolo, ukishaipita Kondoa kama unaelekea Babati. Watoto walale kwenye mahema, wapike wenyewe, wapande vilima kuona ile michoro ya miambani iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Tumaini ana miaka 11, na mahali pekee alipowahi kulala mbali na sisi ni kwa bibi yake, kwenye kitanda chenye magodoro mawili.

Waandaaji wakatuma orodha. Aliyeiandika simjui, ila Kondoa hajafika. Tisheti nyeupe nne. Nyeupe! Udongo wa kule ni mwekundu kama tofali la kuchoma, ndio huo huo uliomomonyoka mpaka mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, wa kuunusuru. Halafu bukta tatu, kofia ya jua, ndala, na sweta "ikibidi". Yaani mwezi wa sita, ikibidi!

Nikampigia dada yangu wa Tegeta, Dar es Salaam, nikitegemea wa kunihurumia. Akasema, "Kaka, si Dodoma hiyo hiyo jangwa? Mpe maji mengi na mafuta ya kujipaka, basi." Tangu tuhamie huku na wizara mwaka 2017 sijui nimemweleza mara ngapi kwamba Juni na Julai upepo wa huku unapiga mpaka mabati yanaimba, na usiku tunashuka hadi nyuzi 14 hivi. Na Kondoa iko juu kuliko hapa mjini. Yeye kila akija anakuja Desemba, anatokwa jasho, anarudi na ushahidi wake.

Tranka langu la zamani nilikuwa nalo bado. Nikalipangusa, nikaandika jina kwa rangi ya mafuta, nikapanga kila kitu kwa nidhamu ya bweni: blanketi chini, nguo katikati, sahani ya bati na kikombe juu, sabuni ya mche pembeni. Kazi safi. Nikamwita mwenye mzigo aje anyanyue. Akalivuta hadi mlangoni, akapumzika. Akalivuta hadi kwenye ngazi, akakaa juu yake. "Baba, hili atanibebea nani?" Nilikuwa nimeshasahau kwamba mimi kidato cha kwanza nilikuwa na miaka 15, na tranka tulikuwa tunashika wawili. Likarudi stoo. Rangi ya jina haijakauka vizuri mpaka leo.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo najisifu nalo hadi kesho: alale uani usiku mmoja na vitu vilivyo kwenye orodha tu, tuone. Kwa kuwa siwezi kumwacha mtoto nje peke yake, na mimi nikatandika mkeka kando yake, pale Ipagala, chini ya mpapai. Dada wa kazi alitutazama dirishani, akafunga pazia.

Saa tatu mambo yalikuwa mazuri, tunahesabu nyota. Saa tano upepo ukaanza. Nikajifunika blanketi mpaka puani, juu nikapata joto, lakini mgongo ulikuwa kama nimelalia sakafu ya bucha. Nikajigeuza, sasa ubavu. Nikalikunja blanketi nusu chini nusu juu, miguu ikabaki nje. Saa nane kasoro nikasikia mtoto anauliza taratibu, "Baba, umelala?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi mimi naingia ndani." Nilihesabu mpaka ishirini ili heshima yangu ibaki, nikamfuata.

Asubuhi bibi jirani, ambaye ukuta wetu ni mmoja na hakuna kinachompita, alinikuta nakunja mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbukwenyi, Baba Tumaini," akanisalimia Kigogo. " Mkeo amekufukuza?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia blanketi nimelaumu bure, baridi inapanda kutoka chini, na kwamba wao wakichunga ng'ombe walikuwa wanatandika majani na ngozi. Ngozi sikuwa nayo. Lakini dukani kwa Mangi yapo maboksi. Nikachukua mawili makubwa ya mafuta ya kula, nikayafungua yakawa bapa, nikayaingiza kwenye viroba viwili vya sukari alivyoviunganisha fundi cherehani kwa buku. Kikatoka kitu kama godoro jembamba, kinakunjika mara nne, unakifunga kwenye begi kwa mpira wa baiskeli. Usiku wa pili tulikilalia mpaka adhana. Kama mtoto wako anaenda kulala chini, fanya hiki kwanza, mengine ni mapambo.

Bibi huyo huyo ndiye aliyeziona ndala. Akazigeuza nyayo juu. Tulikuwa tumezunguka uani siku moja tu, na mbigili zilikuwa zimezama kwenye mpira kama misumari; moja ilikuwa imetokeza upande wa pili, pale pale kidole gumba kinapokaa. "Na hapa ni nyumbani," akasema. Tukaenda kununua katambuga, zile ndala za tairi la gari, elfu nane, au kumi, sikumbuki. Tumaini alinuna, eti za wazee. Jaketi tulichambua kwenye mitumba Sabasaba, la bei ya soda chache, lenye kofia na zipu nzima. Ukinunua mtumba jaribu zipu kabla hujataja bei. Shuka la kimasai tulikuwa nalo.

Tisheti nilimpa za kahawia na bluu. Mwalimu wa kambi akasema nini, mimi sijui.

Kufungasha nako nilimwachia afungashe mwenyewe, mimi nasoma tu majina ya vitu kwa sauti, kwa sababu begi nililolipanga mimi alitoa kila kitu kutafuta soksi. Sweta na jaketi viliingia kwenye foronya, ndio mto wake. Siku zikienda, foronya inageuka mfuko wa nguo chafu. Mafuta ya mgando usisahau, midomo inapasuka kule. Na kivuli cha kadi ya bima kiwe ndani ya begi lake mwenyewe.

Siku ya nane alishuka kwenye kosta akiwa mwekundu kuanzia nywele, katambuga miguuni. Watoto wawili walikuwa wanachechemea na ndala zao. Godoro la maboksi hakurudi nalo, alilala nalo na rafiki yake aliyekuwa analia usiku, wakaliweka kwa upana, likachanika. Michoro aliiona, akaniambia kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama wamevaa helmeti.

Mama yake alirudi jioni hiyo hiyo. Nikaanza kumsimulia usiku wa uani, mpira wa baiskeli, kila kitu. Alisikiliza huku anatoa vitu kwenye begi kimoja kimoja, mpaka akafika chini.

"Baba Tumaini, mswaki wake uko wapi?"

Tukatazamana na Tumaini. Mswaki ulikuwa bombani uani, juu ya tofali, ulipobaki tangu asubuhi ya majaribio.

"Mpishi wa kambi alinikatia kijiti cha mti wa mswaki," akasema mtoto. "Kinawasha, lakini kizuri." Akakitoa mfukoni, kimetafunwa ncha zote mbili, akamwonyesha mama yake.