Indiketa

Ilikuwa Disemba 2014, msimu wa wageni, na mimi kazi yangu ni kuendesha vani ya watalii upande wa Bamburi na Shanzu, Mombasa. Jumamosi hiyo nilikuwa ofu, nikaomba gari ya shemeji nikavuka Mtwapa kwa sherehe ya rafiki yangu, tukaanza na mnazi mchana jua likiwa juu, tukamalizia na bia usiku. Nilikuwa nimelewa, sitadanganya mtu. Si ule ulevi wa kuanguka mtaroni, ni ule wa kujiona uko sawa kuliko wote.

Nikirudi, karibu na daraja la Mtwapa nikakuta roadibloki. Tochi machoni, afande kijana akaniwekea kile kidude cha kupima pombe, Alcoblow, mdomoni, "puliza, wacha kuvuta, puliza!" Kikatoa kikaratasi kama risiti ya supamaketi, nimesoma 52, na kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi. Nikapandishwa lori na wenzangu kama sita hivi, mmoja amevaa suti anapiga simu kwa kila mkubwa anayemjua, hakuna anayeshika.

Jumapili hakuna korti kwa hivyo nililala selo usiku mbili. Ndoo moja, watu kumi na kitu, harufu sitaielezea. Humo ndani kila mtu ni wakili. Dereva mmoja wa matatu, mwenyeji kabisa wa mambo hayo, akanishika bega, "Kubali tu. Ukikubali unapigwa faini unaenda zako, ukikataa utazungushwa mpaka ujute." Wote wakaitikia, na mimi nikaona ni sawa, mamangu huko nyumbani ashaanza kuchangisha ya faini kwa majirani, aibu yake hiyo mpaka leo namuonea huruma.

Jumatatu korti ya Shanzu, hata sijaitwa, kuna kijana wa tai anazunguka pale nje, sijui hata kama ni wakili kweli, ameshamwambia shemeji atoe elfu kumi na tano "ya kuongea na watu." Shemeji alikuwa ashatia mkono mfukoni. Bahati mjomba akatokea na mama mmoja wakili, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, ambaye alikuwa anafanya kesi za trafiki tangu mimi niko chekechea.

Hakuniuliza nimekunywa ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, kazi yako nini?"

"Dereva."

"Na unataka kukubali kosa?"

Nikamwambia ndio mama, nimalize nirudi kazini. Akanitazama hivi kwa muda. "Kazini gani? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hicho, faini mpaka laki moja ama miaka 2 ndani ama vyote, na juu yake leseni inakwenda miezi 12. Wanao watakula nini?"

Usiku mbili selo, washauri wote wale, hakuna hata mmoja aliyetaja leseni.

Nikakataa kosa. Keshi beli, yaani dhamana ya pesa, elfu thelathini, mjomba akalipa, halafu ndio kuzungushwa kweli kukaanza, mensheni baada ya mensheni, kesi inatajwa tu haisikizwi, leo faili haionekani, kesho shahidi yuko livu. Yule wa matatu hakudanganya hapo.

Siku ya kusikizwa yule afande kijana akapanda kizimbani, akaeleza vizuri, kikaratasi akatoa. Mama wakili akasimama polepole, sauti ya chini kama anauliza bei ya nyanya.

"Gari lilikuwa linayumba?"

"Hapana."

"Ulipompungia mkono alifanya nini?"

"Alisimama."

"Alisimama vipi, afande?"

"Aliweka kando ya barabara. Aliwasha indiketa."

"Aliwasha indiketa," akarudia, akaketi.

Kumbe kifungu chenyewe hakisemi umekunywa, kinasema umekunywa mpaka huwezi kulimudu gari, na hilo upande wa mashtaka haukuwa na mtu wa kulithibitisha. Hakimu akasema sina kesi ya kujibu. 2017 Mahakama ya Rufaa ilipofuta zile kanuni za kushtaki watu kwa kipimo cha Alcoblow nikasikiliza redio nikaona hoja ni kama ile ile ya yule mama wakili wangu, naye akaniambia kwa simu eti yeye hashangai.

Ile indiketa mimi siikumbuki. Nimejaribu sana. Nakumbuka tochi, nakumbuka kupuliza, lakini kuwasha indiketa, wapi. Na kama siikumbuki basi sijui kingine gani sikukiona usiku ule kutoka Mtwapa, na pale Mtwapa watu huvuka barabara saa zote.

Nje ya korti nikaanza kumshukuru, maneno mengi. Akanikatiza, "Umekuja na nini leo?"

"Matatu, mama."

"Haya." Akafungua mkoba akatoa karatasi ya hesabu yake, elfu arobaini, nikamlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka mwaka uliofuata. Ya mwisho nilipotuma akajibu meseji moja tu: Imefika. Namba yangu sasa ifute.

Sijaifuta.